Mpatanishi wa Maji na Mafuta: Somo kwa Wakulima na Wanafunzi wa Nchi ya Chai

Turkana kuna mafuta. Huku kwetu Kericho na Bomet kuna chai. Katika maabara za nchi mbalimbali, watafiti wanachunguza jinsi vitu vinavyotokana na mimea, vikiwemo vya jamii ya mchai, vinavyoweza kusaidia kutoa mafuta yaliyonasa ndani ya miamba. Habari ya namna hii ikifika sokoni Litein au Mogogosiek, haichukui muda kugeuka na kuwa nyingine: kwamba mbegu za chai sasa ni mali, au kwamba matawi yaliyopogolewa yanatafutwa na kampuni za mafuta.

Somo la toleo hili linaeleza sayansi yenyewe hatua kwa hatua: maji na mafuta yanachanganywa vipi, mimea inaingia wapi, na kazi hiyo inasaidiaje visimani. Mwishoni tunarudi shambani na kuuliza swali la mfukoni: je, kuna cha kumfaa mkulima wa chai, na ajihadhari na nini?

Emulsheni ni nini?

Mimina mafuta ya kupikia ndani ya glasi ya maji, kisha koroga. Kwa muda mfupi yataonekana yamechanganyika. Acha glasi itulie, na mafuta yatapanda juu tena. Maji hushikana na maji, mafuta hushikana na mafuta, na mpaka kati yao hujivuta kama ngozi ya ngoma ili uwe mdogo kadiri iwezekanavyo. Wanasayansi huuita mvuto huo mvutano wa mpakani.

Sasa tazama maziwa. Maziwa ya ng'ombe ni maji kwa zaidi ya asilimia 85, na ndani yake mna mafuta ya asilimia 3 hadi 5 hivi. Mbona mafuta hayo hayaelei mara moja kama yale ya glasi? Kwa sababu yamegawanyika kuwa matone madogo mno, mengi yakiwa na upana wa elfu chache tu za milimita, na kila tone limevikwa utando mwembamba wa protini na mafuta ya aina maalumu. Utando huo huyazuia matone kuungana. Mchanganyiko wa namna hii, ambapo kimiminika kimoja kimetawanyika ndani ya kingine kwa matone madogo, huitwa emulsheni.

Mama anayetikisa maziwa kwenye kibuyu mpaka siagi itoke anafanya kinyume chake. Mtikiso unachana utando, matone yanagongana na kuungana, mafuta yanajitenga. Tukumbuke mambo haya mawili, kutengeneza emulsheni na kuivunja, kwa sababu kwenye mafuta ya petroli yote mawili yanahitajika.

Mpatanishi ana pande mbili

Ili maji na mafuta vikae pamoja panahitajika mpatanishi. Jina lake la kitaalamu ni safaktanti. Molekuli ya safaktanti ina pande mbili: upande mmoja unapenda maji, na wa pili unapenda mafuta. Ikifika mpakani, inasimama mguu mmoja huku na mmoja kule, na ule mvutano unapungua. Sabuni ndiyo safaktanti tunayoijua zaidi. Inapotoa mafuta kwenye sufuria haiyamalizi, bali huyagawanya kuwa matone madogo yanayobebwa na maji.

Mimea mingi hutengeneza wapatanishi wake. Kiini cha yai na maharagwe ya soya vina lesithini, ambayo viwanda vya vyakula huitumia sana. Kundi jingine ni saponini, ambazo hutoa povu zikitikiswa ndani ya maji. Kabla ya sabuni za dukani, jamii nyingi za Afrika Mashariki zilifulia mimea yenye saponini.

Mfano mmoja wa kanda yetu unafaa kukumbukwa. Mwaka wa 1964, mwanasayansi wa Ethiopia, Aklilu Lemma, alikuwa Adwa akichunguza konokono wa majini wanaoeneza kichocho. Aligundua kwamba pale wanawake walipokuwa wakifua kwa matunda ya mmea uitwao endod, konokono wengi walikuwa wamekufa upande wa chini wa mto. Saponini zilizotoa uchafu kwenye nguo ndizo zilizoua konokono. Yeye na mwenzake Legesse Wolde-Yohannes walitunukiwa tuzo ya Right Livelihood mwaka wa 1989 kwa kazi hiyo. Endod humea pia katika nyanda za juu za Kenya.

Kutoka Adwa tunajifunza mambo mawili. Kwanza, mmea wa kawaida unaweza kuwa na nguvu ya kiwandani. Pili, kitu kutoka kwa mmea si lazima kiwe salama kwa kila kiumbe. Saponini huharibu mashavu ya samaki, ndiyo maana mashudu ya mbegu za chai hutumiwa barani Asia kuua samaki wasiotakiwa kwenye mabwawa ya kamba.

Chembe zinazolinda mpaka

Sabuni si njia pekee. Mwanzoni mwa karne ya 20, Walter Ramsden mwaka wa 1903 na Spencer Pickering mwaka wa 1907 walieleza kwamba chembe ndogo ngumu nazo zinaweza kuimarisha emulsheni. Chembe hizo hujipanga mpakani kati ya tone la mafuta na maji, zikalizunguka tone kama mawe yaliyojengewa ukuta. Matone mawili yakikutana, kuta zao ndizo zinazogusana, mafuta hayafikiani. Emulsheni za aina hii huitwa za Pickering hadi leo.

Kuna tofauti muhimu kati ya njia hizi mbili. Molekuli ya sabuni huja mpakani na kuondoka kila wakati. Chembe ikishakaa mpakani ni vigumu kuing'oa. Ndiyo sababu watafiti wamevutiwa na kuchanganya vyote viwili: chembe za mimea pamoja na safaktanti kidogo. Safaktanti hupunguza mvutano haraka ili matone yagawanyike, kisha chembe hushika mahali na kulinda matone yasiungane. Kwa njia hiyo sabuni inayohitajika inaweza kuwa kidogo, na sabuni ya viwandani ni ghali.

Chembe hizo zinatoka wapi? Zinaweza kuwa selulosi, yaani nyuzi zinazojenga ukuta wa kila mmea, ikiwa imesagwa na kusafishwa hadi kuwa ndogo mno. Zinaweza kuwa lignini, ile gundi inayofanya mti uwe mgumu, au wanga. Malighafi zake ni za kawaida kabisa: mbao, mabua, magunzi ya mahindi, na makapi ya miwa kama yanayotoka viwanda vya sukari vya majirani zetu wa Muhoroni na Chemelil.

Kwa nini mafuta hubaki ardhini

Wengi hufikiri mafuta ya petroli yamekaa chini ya ardhi kama ziwa. Sivyo. Yamo ndani ya vinyweleo vya mwamba, kama maji yaliyonyonywa na sponji, ila sponji yenyewe ni jiwe.

Kisima kinapochimbwa, shinikizo la chini husukuma mafuta yenyewe kuja juu. Shinikizo likipungua, wachimbaji huingiza maji kupitia visima vingine ili yasukume mafuta. Hata baada ya hapo, mafuta mengi hubaki. Kwa wastani wa dunia, katika kila mapipa 10 yaliyomo mwambani, yanayotolewa ni 3 au 4 tu.

Sababu ni mbili. Ya kwanza ni kwamba matone ya mafuta hunasa kwenye vijia vyembamba vya mwamba. Ili tone lipite, lazima libonyee na kubadili umbo, na mvutano wa mpakani hulizuia. Ya pili ni kwamba maji hufuata njia rahisi. Yakipata ufa au tabaka lenye vinyweleo vikubwa, yote hupita hapo na kuacha sehemu nyingine bila kuguswa. Mkulima anajua jambo hili: maji ya mvua yakishapata mfereji shambani, hayapiti tena penye majani.

Turkana

Mnamo Machi 2012, Rais Mwai Kibaki aliwatangazia Wakenya kwamba mafuta yamepatikana katika kisima cha Ngamia-1, bonde la Lokichar, Turkana. Visima vingine vilifuata, vikiwemo Twiga na Amosing. Mwezi Juni 2018, Rais Uhuru Kenyatta alizindua usafirishaji wa majaribio kwa malori kutoka Turkana hadi Mombasa. Malori hayo yalipita Kitale, Eldoret na Nakuru, si mbali na sisi. Tarehe 26 Agosti 2019 shehena ya kwanza ya mapipa 200,000 iliondoka bandarini. Pipa moja la mafuta ni lita 159, kwa hiyo hiyo ni karibu lita milioni 32. Mwaka wa 2025 kampuni ya Tullow iliuza mali zake za Kenya kwa Gulf Energy.

Mafuta ya Lokichar yana tabia moja ngumu: yana nta nyingi. Yakipoa huganda kama mafuta ya kupikia ya mkebe wakati wa baridi ya Julai. Ndiyo maana mpango wa bomba la zaidi ya kilomita 800 hadi Lamu ulihusisha kulipasha moto njia nzima. Uganda ina mafuta ya aina hiyohiyo, na bomba la kutoka Hoima hadi Tanga, lenye urefu wa kilomita 1,443, limebuniwa liwe la kupashwa moto.

Katika mipango ya Turkana, maji ya kusukuma mafuta yalikusudiwa kutoka bwawa la Turkwel. Katika eneo kame, kila lita ya maji inayoingia kisimani ina mwenyewe mwingine anayeihitaji, awe mfugaji au mama wa nyumbani. Kwa hiyo swali la namna ya kutoa mafuta mengi zaidi kwa maji yaleyale si la wahandisi peke yao.

Emulsheni ikifanya kazi ndani ya mwamba

Hapa ndipo mpatanishi anapoingia. Safaktanti ikichanganywa na maji yanayoingizwa kisimani, mvutano wa mpakani hushuka. Sabuni bora za viwandani huweza kuupunguza mara elfu moja na zaidi. Tone lililonasa hulegea, likabonyea, likapita.

Emulsheni ina kazi ya pili. Matone yake yanapoingia kwenye njia pana ambazo maji yamezoea kupita, huzibana kiasi. Maji yanayofuata hulazimika kutafuta njia nyingine na kusukuma mafuta ya sehemu ambazo hazijaguswa. Ni kama kuweka magogo kwenye mfereji ili maji yasambae shambani.

Lakini ndani ya mwamba mazingira ni magumu. Kuna joto, kuna chumvi, kuna mwendo mrefu wa miezi na miaka. Sabuni nyingi hushindwa kwa sababu chumvi huziharibu au hung'ang'ania kwenye mawe na kuishia njiani. Chembe za mimea pamoja na safaktanti zinachunguzwa kwa sababu ya udhaifu huo: je, zinaweza kuifanya emulsheni idumu kwa sabuni kidogo zaidi? Lignini inayobaki viwandani baada ya kutengeneza karatasi imekuwa ikichunguzwa tangu miaka ya 1970, pamoja na matumizi ya kuitanguliza iyafunike mawe ili yasinyonye sabuni ya gharama.

Mafuta yakishafika juu, mambo yanageuka. Kiwanda cha kusafisha mafuta hakitaki maji. Emulsheni iliyokuwa msaada chini ya ardhi sasa ni kero, na lazima ivunjwe kwa joto, kwa kemikali au kwa umeme. Emulsheni nzuri kwa kazi hii, basi, ni ile inayodumu inapotakiwa na kuvunjika inapotakiwa. Kama mchanganyiko hauvunjiki, gharama yake huweza kumeza faida yote.

Je, teknolojia hii inatumika? Kwa kemikali za viwandani, ndiyo. Katika visima vya Daqing, kaskazini mashariki mwa China, polima na sabuni zimeingizwa ardhini kwa kiwango kikubwa kwa miaka mingi. Venezuela iliwahi kuuza mafuta yake mazito kama emulsheni, takriban asilimia 70 mafuta na 30 maji, kwa jina la Orimulsion, ili yapite mabombani kwa urahisi. Kwa saponini na chembe za mimea, kazi kubwa ingali maabarani. Saponini peke yake hupunguza mvutano, lakini haifikii sabuni bora za viwandani, na ndiyo sababu huchanganywa na vitu vingine.

Chai yetu ina nini?

Chai ililetwa Kenya mwaka wa 1903 huko Limuru, na mashamba makubwa ya Kericho yakaanza miaka ya 1920. Mchai una saponini, nyingi zaidi zikiwa ndani ya mbegu. Nchini China, mashudu yanayobaki baada ya kukamua mafuta ya mbegu za jamii ya mchai husindikwa kupata saponini, ambayo hutumiwa kwenye sabuni za nywele na dawa za kunyunyizia mimea. Povu unaloliona ukimimina chai ya rangi kutoka juu nalo linatokana kwa sehemu na saponini kidogo zilizomo kwenye majani.

Lakini shamba la chai la Kericho au Bomet halikulimwa kwa ajili ya mbegu. Mchai wetu huchumwa majani mawili na kichipukizi mara kwa mara, na hukatwa uwe meza ya kuchumia. Mti unaochumwa hivyo hautoi maua na mbegu za maana. Ili kupata mbegu ungelazimika kuuacha ukue kuwa mti, na kuacha mapato ya majani. Isitoshe, mashamba mengi ya wakulima wadogo yamepandwa kwa vipandikizi vilivyochaguliwa kwa wingi na ubora wa majani.

Vipi kuhusu matawi yanayokatwa wakati wa kupogoa? Yana selulosi na lignini, ni kweli. Lakini wataalamu wa chai hushauri matawi hayo yaachwe shambani, kwa sababu yanapooza hurudisha rutuba, huhifadhi unyevu na kuzuia mmomonyoko. Ukiyauza, umeuza mbolea. Bei yoyote utakayopewa lazima ipimwe dhidi ya gharama ya mbolea utakayonunua baadaye.

Somo la guari na gundi ya mgunga

Tuchukue mimea miwili iliyoingia kwenye biashara za viwanda vikubwa, tuone kilichowapata wakulima.

Guari ni jamii ya kunde inayostawi maeneo makavu ya India, hasa Rajasthan, na Pakistan. Unga wa mbegu zake hufanya maji yawe mazito. Kampuni za Marekani zilipoanza kupasua miamba kwa maji ya shinikizo kubwa ili kutoa mafuta na gesi, ziliuhitaji unga huo kwa wingi. Bei ilipaa kwa kasi, na mwezi Machi 2012 serikali ya India ikasimamisha biashara ya ahadi za bei za guari sokoni. Wakulima wengi waliongeza eka. Wakati huohuo, wanunuzi walitafuta vitu vingine vya kufanya kazi hiyo, na mwaka wa 2014 bei ya mafuta duniani ikaanguka. Bei ya guari ikaporomoka, na aliyepanda akiangalia bei ya 2012 akabaki na hasara.

Gundi ya mgunga ni utomvu mkavu unaookotwa kwenye migunga ya Sudan, na pia huko Turkana na kaunti nyingine za kaskazini mwa Kenya. Hiyo ni mpatanishi halisi: hushikilia matone ya mafuta ya ladha ndani ya soda yasielee juu. Marekani ilipoiwekea Sudan vikwazo vya biashara mwaka wa 1997, gundi hiyo iliruhusiwa kuendelea kuingia, kwa kuwa viwanda vya vinywaji na vyakula havikuwa na mbadala wa kutosha.

Mimea yote miwili ilikuwa na soko. Tofauti ilikuwa moja: mnunuzi wa guari aliweza kuiacha, wa gundi hakuweza. Hilo ndilo swali la kwanza la kumuuliza mtu yeyote atakayekuja kijijini na habari ya mmea wa viwandani. Mnunuzi wa mafuta akipata sabuni ya bei nafuu zaidi, wewe na shamba lako mtabaki wapi? Saponini ya mchai ina mbadala wengi, na kwa kazi ya visimani bado haijapata mnunuzi wa kudumu.

Wahenga walisema, usiache mbachao kwa msala upitao. Kabla ya kung'oa mche mmoja wa chai au kutia sahihi mkataba wowote, uliza haya:

1. Mnunuzi wa mwisho ni nani, na kiwanda chake kiko wapi?
2. Bei imeandikwa kwa muda gani, na nani atabeba hasara ikishuka?
3. Ni nini kinachotoka shambani mwangu, na nitakirudishaje?
4. Mradi una kibali cha mazingira kutoka NEMA?
5. Maji machafu ya kusindika yatamwagwa wapi?

Nafasi iliyopo kwa sasa ni ya elimu zaidi kuliko ya kilimo. Utafiti wa chai wa KALRO uko hapa Kericho, Chuo Kikuu cha Kabianga kiko hapa, na vyuo vya kiufundi viko karibu nasi. Kijana anayesoma kemia anaweza kuanza na makapi ambayo hayana matumizi mengine, badala ya kuanza na shamba la mzazi wake.

Sabuni haiondoi mafuta mtoni

Elimu hii ina upande wa usalama unaomhusu kila mmoja wetu. Barabara zetu hupitisha magari ya mafuta mchana na usiku. Tarehe 31 Januari 2009, huko Sachang'wan karibu na Molo, gari la petroli lilipinduka, watu wakakimbilia kuteka, moto ukalipuka. Waliofariki walizidi 100. Mafuta yaliyomwagika si mavuno. Kaa mbali, zuia watoto, usiwashe chochote, piga simu kwa polisi.

Jambo la pili halijulikani sana. Mafuta yakimwagika gereji, kwenye kituo cha pikipiki au kando ya barabara, watu humwaga sabuni ya unga na maji mengi mpaka pang'ae. Sasa msomaji anajua kilichotokea: mafuta hayajaisha, yamegeuzwa emulsheni na kuteremshwa mtoni. Yakiwa matone madogo hupenya kwa urahisi zaidi kwenye mashavu ya samaki, na sabuni yenyewe huwadhuru. Kipsonoi na Itare hupeleka maji Sondu, Nyangores na Amala hupeleka Mara, na yote huishia Ziwa Victoria. Njia iliyo salama ni kufyonza mafuta machache kwa maranda ya mbao, mchanga au majivu baridi, kisha kuyazoa na kuyaweka kwenye chombo mbali na moto na mbali na maji.

Jaribio la darasani

Walimu wa sayansi wanaweza kufanya jaribio hili kwa vifaa vya jikoni. Chukua chupa nne safi za plastiki zinazoonyesha ndani. Kila moja tia vijiko vitatu vya mafuta ya kupikia.

Chupa ya kwanza: ongeza nusu glasi ya maji matupu.
Chupa ya pili: nusu glasi ya maji yaliyoyeyushiwa sabuni ya kipande.
Chupa ya tatu: nusu glasi ya maji na kiini cha yai.
Chupa ya nne: nusu glasi ya chai ya rangi iliyokolea na kupoa.

Funga, tikisa kila chupa kwa dakika moja, weka mezani. Wanafunzi waandike dakika ambazo mafuta huchukua kujitenga katika kila chupa, na urefu wa povu. Kisha tia vijiko viwili vya siki au maji ya ndimu kwenye chupa ya sabuni, tikisa polepole, tazama. Asidi huharibu sabuni ya kipande, na emulsheni huanza kuvunjika. Hivyo ndivyo wahandisi wanavyofikiri wanapotenganisha mafuta na maji juu ya kisima.

Maswali ya kujadili baada ya jaribio:

1. Chupa ipi ilidumu zaidi, na mpatanishi wake alikuwa nani?
2. Kwa nini emulsheni isiyovunjika kabisa ni hasara kwa mchimbaji wa mafuta?
3. Taja mmea mmoja wa kijijini kwenu unaotoa povu. Wazee waliutumia kwa kazi gani?
4. Mimea miwili, guari na mgunga, inamfundisha nini mkulima wa chai?

Mkulima mwenye swali kuhusu kupogoa, rutuba au ofa yoyote ya kununua mbegu na matawi ya chai amwone afisa wa kilimo wa wadi yake kabla ya kupokea malipo ya kwanza. Abebe mkataba mkononi ili usomwe wote.